Silinda Zote: Msemo wa Kiingereza Uliotoka Tumboni mwa Injini

Msemo wa Kiingereza "firing on all cylinders" husikika sana katika utangazaji wa mpira, katika habari za uchumi na katika mazungumzo ya kawaida ya wenye lugha hiyo. Neno kwa neno, unazungumzia injini ambayo silinda zake zote zinawaka. Kwa maana iliyokusudiwa, unamsifu mtu, timu, kampuni au shughuli ambayo kila sehemu yake inatimiza kazi yake, hakuna iliyolala. Timu ikiwa na mabeki imara, viungo wanaogawa mipira vizuri na washambuliaji wanaofunga, mtangazaji wa Kiingereza atasema silinda zote zinawaka. Kiwanda kikiwa na malighafi, mashine nzima, mafundi wa kutosha na wateja wanaolipa kwa wakati, mwandishi wa habari za biashara atasema hivyo hivyo.

Msemo huo una upande wake wa pili. Mtu aliyeamka na usingizi machoni, anayetafuta miwani aliyoivaa, huambiwa kwamba silinda zake hazijawaka zote. Timu iliyoshinda kwa bahati, huku safu moja ikiwa imelegea, husemwa vivyo hivyo: imeshinda, lakini silinda moja bado imelala. Na mzaha ukiwa mkali zaidi, msemo huo hutumika kwa mtu anayedhaniwa kuwa amepungukiwa akili. Sifa, lawama na mzaha vyote vinatoka katika picha moja ya injini, na picha hiyo haieleweki mpaka injini yenyewe ifunguliwe.

Silinda ni tundu la mviringo lililochongwa ndani ya bloku ya injini. Humo ndani hupanda na kushuka pistoni, nayo imeunganishwa kwa mkono wa chuma na mhimili unaozunguka, ambao mafundi huuita krenki. Aliyewahi kumwona mshonaji kwenye cherehani ya miguu amekwisha kuona kanuni hiyo: nyayo zinakanyaga juu na chini, gurudumu linazunguka. Katika cherehani nguvu inatoka miguuni. Katika injini inatoka kwenye moto unaowaka ndani ya silinda.

Injini ya kawaida ya petroli hufanya kazi hiyo kwa mapigo manne. Katika pigo la kwanza pistoni inashuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli. Katika pigo la pili inapanda na kuugandamiza mchanganyiko huo mpaka unabanwa kwenye nafasi ndogo sana. Pigo hilo likikaribia kwisha, plagi inatoa cheche. Mchanganyiko unawaka, gesi inatanuka kwa nguvu na kuisukuma pistoni chini: hilo ni pigo la tatu. Katika pigo la nne pistoni inapanda tena na kuufukuza moshi utoke kupitia ekzosi. Kufikia hapo krenki imezunguka mara mbili, na silinda imewaka mara moja tu.

Maana yake ni kwamba, katika mapigo manne, ni pigo moja tu linaloleta nguvu, na matatu yanaitumia. Injini yenye silinda moja, kama ile ya bodaboda nyingi, huvuka mapigo hayo matatu kwa msaada wa gurudumu zito linaloitwa flaiwili, ambalo likishazunguka halitaki kusimama. Injini yenye silinda nne ina dawa nyingine: kazi hupokezanwa. Silinda moja inapowaka, nyingine inagandamiza, nyingine inavuta na nyingine inatoa moshi. Moto huruka kutoka silinda moja hadi nyingine kwa zamu iliyopangwa. Katika injini nyingi za silinda nne zamu hiyo huanza na silinda ya kwanza, ikafuata ya tatu, kisha ya nne, kisha ya pili. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 kwa sekunde, na zote nne kwa pamoja huwaka mara 100 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuhesabu milio hiyo mmoja mmoja. Husikia mlio mmoja uliosawazika.

Silinda moja inapokosa kuwaka, usawa huo huvunjika. Katika kila zamu nne linatokea pengo. Gari lililosimama na injini ikiwaka huanza kutikisika, usukani hutetemeka mikononi, na sauti ya ekzosi huwa kama ya mtu anayechechemea. Mafundi wa Afrika Mashariki wana neno moja fupi kwa hali hiyo: injini inamisi. Sababu zake ni nyingi, na kila gereji inazijua. Huenda plagi imejaa masizi, waya wake umechanika, koili imekufa, nozeli imeziba, valvu haifungi sawasawa au injini imeunguza gasketi.

Hesabu ya haraka ingesema kwamba injini ya silinda nne iliyopoteza moja imepoteza robo ya nguvu zake. Hasara halisi ni kubwa kuliko hiyo. Pistoni ya silinda iliyokufa haikai pembeni ikapumzika. Imefungwa kwenye krenki ile ile, kwa hiyo inaendelea kupanda na kushuka, pete zake zinaendelea kusugua ukuta wa silinda, na kazi yote hiyo inalipwa na silinda tatu zilizobaki. Asiyefanya kazi ndani ya injini hubebwa na wenzake. Hapo ndipo msemo ulipopata uzito wake: unaposemwa juu ya timu au ofisi, hausemi tu kwamba kuna nguvu iliyopungua, unasema pia kwamba kuna mzigo ulioongezeka.

Asili ya msemo inaanzia kwenye historia ya injini yenyewe. Injini ya mvuke ilitangulia kwa zaidi ya karne moja. Thomas Newcomen alijenga yake Uingereza mwaka 1712 kwa ajili ya kunyonya maji migodini, na James Watt akapata hataza ya maboresho yake makubwa mwaka 1769. Injini hizo nazo zina silinda na pistoni, lakini moto wake uko nje, chini ya birika la maji, na kinachoingia kwenye silinda ni mvuke. Hakuna kinachowaka ndani ya silinda. Ndiyo maana mvuke uliipa lugha ya Kiingereza misemo ya aina nyingine kabisa: kutoa mvuke, yaani kupunguza hasira, kuishiwa mvuke, yaani kuchoka katikati ya kazi, na kwenda mbele kwa mvuke wote, amri iliyotoka kwa nahodha kwenda kwa wachochezi wa chumba cha injini. Msemo wa silinda zinazowaka ulilazimika kusubiri injini ya mwako wa ndani.

Injini hiyo ilianza kuuzwa baada ya Étienne Lenoir, aliyefanya kazi zake Paris, kupata hataza mwaka 1860 kwa injini iliyotumia gesi ya makaa. Mwaka 1876 Nikolaus Otto, akiwa Deutz karibu na Köln, alikamilisha injini ya mapigo manne ambayo kanuni yake bado inatumika kwenye magari ya petroli. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza injini ndogo, nyepesi, yenye mzunguko wa kasi. Tarehe 29 Januari 1886 Karl Benz aliwasilisha maombi ya hataza ya gari lake la magurudumu matatu. Gari la Benz lilikuwa na silinda moja, na nguvu yake haikufikia hata farasi mmoja.

Kwa gari la silinda moja, msemo huu usingezaliwa. Silinda moja ama inawaka na gari linakwenda, ama haiwaki na gari linasimama. Neno "zote" halina kazi hapo. Ili mtu aweze kusema silinda zote zinawaka, sharti kwanza kuwe na uwezekano wa baadhi kuwaka na nyingine kulala, huku gari likiendelea kwenda kwa shida. Uwezekano huo ulikuja silinda zilipoongezeka. Daimler na Maybach walitoa injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V mwaka 1889. Mnamo 1901 gari la Mercedes lililobuniwa na Maybach lilikuwa na silinda nne. Mwaka 1906 Rolls-Royce ilionyesha London gari lake kubwa la silinda sita. Hapo ndipo dereva alipoijua hali mpya ambayo farasi na ng'ombe hawakuwahi kumfundisha vizuri: chombo kinachokwenda, lakini kikiwa pungufu.

Umbo la kwanza la msemo huo halikuwa na neno la kuwaka. Wamarekani walitumia neno linalomaanisha kupiga au kupata shabaha. Silinda iliyowaka ilihesabiwa kuwa imepiga, na ambayo haikuwaka ilihesabiwa kuwa imekosa. Lugha hiyo ya kupiga na kukosa ilikuwa imezoeleka mashambani kabla magari hayajawa mengi. Mwishoni mwa karne ya 19 na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, mashamba ya Marekani yalitumia injini za kusimama za silinda moja kwa kupampu maji, kusaga nafaka na kukata kuni. Nyingi kati ya hizo zilidhibiti mwendo kwa kukosa kwa makusudi. Injini ikizunguka kwa kasi kupita kiasi, kifaa cha kudhibiti kiliizuia isiwake. Flaiwili zake mbili kubwa ziliendelea kuzunguka, na kasi iliposhuka injini iliwaka tena. Mlio wake ulikuwa wa pigo moja kubwa, kisha pumzi kadhaa za kimya, kisha pigo jingine. Kiingereza kiliziita injini za kupiga na kukosa, na mkulima aliyelala na kuamka kwa mlio huo hakuhitaji kufafanuliwa tofauti ya maneno hayo mawili.

Magari ya silinda nne yalipoenea, lugha ya shambani ikahamia barabarani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walisema injini inapiga kwenye zote nne, na haikuchukua muda kabla hawajaanza kusema hivyo juu ya watu. Gari lililofanya kazi kubwa zaidi ya kueneza ujuzi huo lilikuwa Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908. Mpaka uzalishaji wake uliposimama mwaka 1927, yalikuwa yametengenezwa magari yapatayo milioni 15. Model T lilikuwa na silinda nne, na kila silinda ilikuwa na koili yake. Kwa miaka mingi koili hizo nne zilikaa pamoja ndani ya sanduku lililokuwa mbele ya dereva, na kila moja ilikuwa na kipande chembamba cha chuma kilichotetemeka na kuvuma kama nyuki kila ilipotoa umeme wa cheche.

Kijitabu ambacho Ford iliwapa wenye magari kiliwaeleza namna ya kuisaka silinda inayomisi bila kufungua chochote. Mtu alikandamiza kwa vidole vipande viwili vya chuma visitetemeke, akazizima silinda mbili kwa makusudi, kisha akasikiliza mbili zilizobaki. Baada ya hapo alibadilishana: hizi zizimwe, zile ziachwe. Silinda ambayo kuizima hakukubadili chochote katika mlio wa injini ndiyo iliyokuwa imekufa tangu mwanzo. Mafundi wa leo wenye magari ya zamani bado wanatumia mantiki hiyo hiyo wanapochomoa waya za plagi moja baada ya nyingine huku injini ikinguruma. Lakini wakati wa Model T, anayefanya kazi hiyo alikuwa mkulima, daktari wa kijijini au mwalimu. Mamilioni ya watu ambao si mafundi walijifunza kuisikiliza injini na kuuliza kama silinda zote zipo kazini. Msemo hauhitaji udongo mzuri zaidi ya huo ili uote.

Idadi ya silinda ilipopanda, msemo ukapanda nayo. Magari ya silinda sita yalikuwa ya watu wenye fedha, kwa hiyo kusema mtu anapiga kwenye zote sita kulibeba sifa ya ziada. Kisha ushindani ukashusha bei. Cadillac ilileta injini ya V yenye silinda nane mwaka 1914. Mwaka 1929 Chevrolet iliuza gari la silinda sita ikitangaza kwamba bei yake ni ya gari la silinda nne. Ford ikajibu mwaka 1932 kwa kuuza gari la silinda nane ambalo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kulinunua. Cadillac ilikuwa imekwisha kufika silinda 16 mwaka 1930. Katika mbio za namna hiyo, msemo wenye namba ndani yake huzeeka haraka: sita ya jana ni upungufu wa leo. Umbo lililodumu ni lile lisilotaja namba, linalosema tu "zote". Neno hilo linaifaa injini ya silinda mbili sawasawa na injini ya silinda 16.

Usafiri wa anga uliupa msemo huo hatari ya kweli. Gari linalomisi hupaki kando ya barabara. Ndege haina pa kupaki. Tarehe 20 na 21 Mei 1927 Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa muda wa saa 33 na nusu, akiwa na injini moja ya Wright yenye silinda tisa zilizopangwa kuzunguka mhimili kama miale ya jua. Juu ya bahari ya Atlantiki usiku, usawa wa mlio wa silinda hizo tisa ulikuwa ndio uhai wake. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege ya Kimarekani ya B-29 ilikuwa na injini nne, kila moja ikiwa na silinda 18, jumla silinda 72. Kwa sababu ya hatari hiyo, injini za pistoni za ndege kwa kawaida huwekwa plagi mbili katika kila silinda na mifumo miwili ya umeme inayojitegemea. Rubani wa ndege ndogo, kabla ya kuruka, bado huzima mfumo mmoja kisha mwingine na kuangalia mzunguko umeshuka kiasi gani. Anakagua kile kile alichokikagua mwenye Model T kwa vidole vyake.

Neno la kupiga hatimaye liliachia nafasi neno la kuwaka, na umbo la leo, "firing on all cylinders", ndilo linalotumiwa zaidi pande zote za Atlantiki na katika nchi nyingine zinazotumia Kiingereza. Maana haikubadilika kwa badiliko hilo. Kilichobadilika ni ladha. Neno jipya lina moto ndani yake, na katika Kiingereza neno hilo hilo hutumika kwa bunduki na mizinga. Huenda ladha hiyo imechangia kosa linalofanywa mara nyingi na wanaojifunza Kiingereza, na hata na baadhi ya wenye lugha: kuuchukua msemo huu kama njia nyingine ya kusema "kwa kasi kubwa" au "kwa nguvu zote".

Injini yenyewe inakanusha fasiri hiyo. Gari lililosimama kwenye taa za barabarani, krenki ikizunguka mara 700 au 800 tu kwa dakika, linawasha silinda zake zote kama ni zima. Gari bovu linaloteremka mlima kwa kasi ya kutisha linaweza kuwa na silinda moja iliyokufa. Kasi na ukamilifu ni mambo mawili. Kiingereza chenyewe kinayatofautisha kwa kuchota misemo kutoka sehemu mbalimbali za chombo. Anayetaka kusema kwamba mtu amejitoa kwa nguvu zote hutumia msemo wa kufungua njia ya mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka mwisho. Anayetaka kusema kwamba shughuli imeshika kasi yake ya juu huchukua picha ya gia kubwa. Anayetaka kusema kwamba mpango umemgeukia aliyeupanga huchukua picha ya injini inayolipuka mahali pasipo pake, kwenye kabureta au kwenye ekzosi. Msemo wa silinda umebaki na kazi yake moja: kueleza kwamba hakuna sehemu iliyolala. Kwa hiyo unafaa zaidi kwa kitu chenye sehemu nyingi, kama timu, bendi, wizara, uchumi wa nchi au mwili wa mwanadamu. Ukitumika kwa mwanariadha mmoja anayekimbia mita 100, bado unaeleweka, lakini mzungumzaji makini huwa anamaanisha kwamba miguu, pumzi na akili yake vimekutana siku hiyo.

Teknolojia iliyouzaa msemo huo sasa inauacha nyuma. Magari mapya yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka wa modeli 1996 yalilazimika kuwa na mfumo wa kompyuta unaojichunguza wenyewe. Silinda ikimisi, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi na kompyuta hutunza namba ya hitilafu. Namba P0300 husema silinda zinamisi bila mpangilio; P0301 huitaja silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Sababu mojawapo ya sharti hilo ni hewa. Petroli isiyowaka hutoka na moshi, ikachafua mazingira na kuunguza kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega. Kazi iliyokuwa ya sikio imekuwa ya waya na namba, na dereva wa leo anaweza kuendesha miaka mingi bila kujua gari lake lina silinda ngapi.

Lipo geuko jingine. Zipo injini zinazozima baadhi ya silinda zake kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Cadillac ilijaribu jambo hilo mwaka 1981 kwa injini iliyoweza kutumia silinda nane, sita au nne kulingana na mzigo, lakini kompyuta za wakati huo hazikuwa na wepesi wa kutosha na mfumo huo ukaachwa upesi. Baadaye teknolojia ilikomaa, na watengenezaji kadhaa sasa wanauza magari ambayo, yakiwa kwenye barabara kuu kwa mwendo usiobadilika, hulaza nusu ya silinda bila abiria kuhisi. Katika injini ya aina hiyo, silinda zote kuwaka si dalili ya uzima. Ni dalili kwamba mzigo ni mkubwa. Na gari la umeme halina silinda hata moja.

Hayo hayatoshi kuufuta msemo. Maneno huishi kuliko mashine zilizoyazaa. Watu wanaozungumza Kiingereza bado wanatoa mvuke ingawa wengi wao hawajawahi kuona birika la treni. Kiswahili nacho kinalo neno garimoshi, ambalo halijafutwa na treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 bila moshi wowote kutoka kichwani mwake. Msemo hufa pale jambo linaloelezwa linapokoma kuwapo, na shughuli zenye sehemu nyingi, moja ikiwa imelala, zitakuwapo siku zote.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, msemo huu ni mtego. Tafsiri ya neno kwa neno huleta kitenzi kufyatua, ambacho kwa Mswahili ni cha bunduki, cha mtego na cha matofali. Timu "inayofyatua kwenye silinda zote" itamshangaza msomaji badala ya kumweleza. Njia salama ni kuiacha picha na kuishika maana: kila idara ya timu imekamilika, kila mtu yuko kazini, hakuna pengo. Anayetaka picha, hazina ya methali inayo tayari. Figa moja haliinjiki chungu, na mwenye kulielewa figa amekwisha kuielewa silinda: mawe ya jikoni hubeba chungu kwa pamoja, na moja likitolewa, hata yaliyobaki yakiwa imara namna gani, chungu kinapinduka. Kidole kimoja hakivunji chawa inaligusa jambo hilo kwa upande mwingine.

Kiswahili hakikuishia kwenye mafiga. Mitaani na gereji kimejitengenezea misemo yake ya magari bila kumwazima mtu. Kukanyaga mafuta ni kuongeza bidii au mwendo. Kubadili gia angani ni kugeuza mpango ghafla, safari ikiwa katikati, na wanasiasa wa Tanzania wanaijua lawama iliyomo. Hata neno la upande wa pili wa msemo wa Kiingereza, lile la kukosa, limehamia Kiswahili na kupata makazi mawili. Kijana anayemwambia mwenzake kuwa amemmisi na fundi anayemwambia mteja kuwa gari linamisi wanatumia kitenzi kimoja kilichotoka Kiingereza, na wote wawili wanazungumzia nafasi ambayo mtu au cheche ilipaswa kuwapo.

Fundi akishabadilisha plagi, akaisafisha kabureta au nozeli na kuiwasha injini tena, huwa hasifu ukali wa mlio wake. Huinamia boneti, akasikiliza kidogo, kisha akasema imetulia. Neno hilo la gereji liko karibu na kiini cha msemo wa Kiingereza kuliko tafsiri zinazozungumzia kasi na kishindo. Injini inayomisi ndiyo yenye makelele na mitikisiko. Ile ambayo silinda zake zote zinawaka, kila moja kwa zamu yake, ndiyo inayotulia.